Mashine Iliyomkausha Kidega

MAMA ATOO: Haloo, Kidega? Jana kanisani jirani yetu Docus aliniuliza, "Ni kweli mashine ya kazini imemkausha mwanao, hawezi kuzaa?"

KIDEGA: Mama! Hata salamu hakuna? Mmeamkaje huko?

MAMA ATOO: Mungu ametuamsha. Jibu.

KIDEGA: Niko kazini, Mama. Hapa bandarini Port Bell malori yamepanga foleni mpaka—

MAMA ATOO: Nani alimwambia Docus?

KIDEGA: Labda Moreen.

MAMA ATOO: Na Moreen alitoa wapi? Kwako. Ana mimba ya miezi mitano, ukamwambia si yako, mashine ilikuharibu.

KIDEGA: Mama, ile mashine inarusha miale ya nyutroni! Inapenya chuma cha lori, inatafuta baruti iliyofichwa. Sembuse mwili wa mtu?

MAMA ATOO: Pasaka ulikaa hapa, mdomo umejaa nyama, ukimweleza mchungaji. Mnaibeba watu wawili, mnaiweka ubavuni mwa lori, mnarudi nyuma mbali, mnaiwasha kwa rimoti. Ukizima—

KIDEGA: Hiyo nilikuwa—

MAMA ATOO: Ukizima, imezima kama taa. Maneno yako. Na ile beji ya kifuani ya kupima mionzi, kila mwezi inarudi safi. Ulitamba, Kidega.

KIDEGA: Mtandao unakata, Mama. [mkwaruzo]

MAMA ATOO: Haukati. Nakusikia unavyopumua.

KIDEGA: Sawa basi! Mwezi ujao utakwenda na wajomba kwa mkuu wangu, Afande Tarcisio, kuniposea binti yake Acayo. Umeridhika?

MAMA ATOO: Eeh! Kumbe hiyo mashine kwa Moreen inakausha, kwa Acayo inamwagilia?

KIDEGA: [anacheka] Mama, Acayo ni mtoto wa afande. Moreen ni Mkenya wa kuuza ndala soko la Nakivubo. Nilimchukua kama mwavuli wa kuazima. Mvua imeisha, narudisha.

MAMA ATOO: Mwogope Mungu! Baba yako angekuwa hai... Niambie mimi, mamako. Mtoto ni wa nani?

KIDEGA: Atafute. Nakivubo wanaume ni wengi.

MAMA ATOO: [kiti kinaburutwa]

KIDEGA: Haloo? Mama?

MAMA ATOO: Nimeweka spika. Moreen yuko hapa mezani na mkoba wake. Nilimwambia, mwanangu akiulizwa na mimi hadanganyi.

KIDEGA: Amesikia yote?

MAMA ATOO: Yote.

KIDEGA: Afadhali. Nilikuwa sijui nitaanzia wapi.

MAMA ATOO: Moreen, mwanangu, keti. Chai hujaigusa. Huyo mwache, nitamfikisha kwa wazee. Kosa ni langu, mimi ndiye niliyepiga—

KIDEGA: Anasema nini?

MAMA ATOO: Anavaa viatu.

KIDEGA: Basi mwambie asije huku getini kunitia—

MAMA ATOO: Nyamaza, Kidega! Moreen, nitazame basi. Nitukane hata mimi. Mor— [mlango unafungwa]