Mama Tazama na Picha Iliyorudiwa

Nakuomba kwanza, wewe uliyekuta karatasi hii imekunjwa ndani ya ratiba ya sherehe uliyoletewa pamoja na mwaliko: usiisome kwa sauti, usiipige picha, na ukimaliza usiiache juu ya kiti. Wasifu rasmi umo kwenye ratiba yenyewe. Niliuandika mimi huyu huyu, kwa maneno niliyopewa. Huu ni wa pili. Mama yangu na wadogo zangu wanakula kwa kazi hii, kwa hiyo kila neno utakalosoma naomba libaki kifuani mwako.

Baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi, Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, muuguzi wetu wa chumba cha chanjo anastaafu. Jina lake la kazi wengi mmelisahau. Wote tunamwita Mama Tazama, kwa sababu hajawahi kumchoma mtu bila kumfungulia pakiti ya sindano mbele ya macho yake na kusema, "Tazama." Chupa utaitazama, dawa inavyovutwa utaitazama, na bomba likiwa tupu utaonyeshwa pia. Hata watoto wachanga waliambiwa watazame, na wapo waliotazama kweli kabla ya kuangua kilio.

Alianza kazi akiwa msichana, akizunguka shule kwa shule na sanduku la barafu begani. Dereva mmoja wa lori, mwenye mikono kama magogo, aliwahi kuzimia mbele yake kwa harufu ya spiriti tu. Alipozinduka alimsihi asimwambie mkewe. Mama Tazama alinyamaza. Kesho yake mke akaja akicheka mpaka machozi, na watoto wanne nyuma yake: bwana mwenyewe alishindwa kutunza siri.

Kila mlipuko wa ugonjwa ulipoingia mtaani, hakuanza na tangazo. Alianza na kinyozi, jirani yake wa nyumbani, ambaye kibanda chake kinatazamana na geti letu. Alisema watu hawaogopi sindano peke yake. Wanaogopa kuonekana wajinga mbele ya wenzao. Kinyozi alikuwa na mdomo, na mteja aliye chini ya wembe hana pa kukimbilia. Wakati wa surua, alimleta mwanawe wa mwisho, kisha akarudi kibandani na kumwuliza kila aliyekaa kitini, "Wa kwangu kachanjwa, wa kwako unamfichia nini?" Adhuhuri foleni ilifika barabarani.

Ndipo ikaja homa ya mwaka juzi. Asubuhi ya uzinduzi wa chanjo yake, mkuu wa kituo chetu cha afya alikaa kitini, akakunja shati, akaambiwa atazame, akachomwa. Nilikuwa nyuma yake kwenye foleni. Niliona tone la damu kwenye pamba. Nyuma yangu alikuwa bibi mmoja mwenye fimbo, aliyelalamika kwamba wakubwa wanachukua muda mrefu. Baada ya hapo afisa habari akagundua kwamba amepiga picha kinyume na mwanga wa dirisha, na uso wa mkuu ulikuwa mweusi tii. Akaomba warudie. Mama Tazama alisema sindano si kitu cha kuchezea. Mkuu akacheka: "Mama, ni picha tu." Basi Mama Tazama akachukua bomba jipya, tupu, lenye kifuniko chake, maana mtu aliyekwisha kuchanjwa huwezi kumsogezea ncha iliyo wazi, akaligusisha begani. Picha ilitoka safi sana. Kila kitu kilionekana, pamoja na kifuniko.

Kufikia jioni ilikuwa imezunguka simu zote. Kinyozi aliichapisha, akaibandika kwenye kioo na kukizungushia kifuniko duara jekundu. Chini yake aliandika: "Wao wanakwepa, sisi watuchome!" Foleni yetu ikabaki na wafanyakazi na yule bibi wa fimbo, ambaye hana simu. Alirudi hata kwa dozi ya pili.

Mama Tazama aliomba ofisi itoe sentensi moja tu: picha ilirudiwa, sindano ya kweli ilitangulia. Mkuu alisema kueleza ni kukiri. Afisa habari alisema watu watasahau. Taarifa ilipotoka ilisema "mhudumu husika ameonywa," na mhudumu husika akakatazwa kuzungumzia jambo hilo nje ya geti.

Hata hivyo alivuka barabara. Nilikuwa kitini kwa kinyozi, nusu ya kichwa imenyolewa.

"Dada, wewe nakuamini," kinyozi alimwambia. "Lakini kama ni kweli, mbona ofisi yenu imemeza ulimi?"

Mimi nikasema nilikuwepo, niliona kwa macho yangu. Akanigeuza kichwa kwa vidole viwili. "Na wewe mshahara anakulipa nani? Tulia nisikukate."

Homa ilimchukua kinyozi ilipokuwa inakaribia kwisha. Mama Tazama alipokwenda kutoa pole, mjane alimwambia mbele ya waliokaa, "Ungemchoma mkubwa wako sindano ya kweli, mume wangu angekuja mwenyewe." Tangu siku hiyo ukuta ni mmoja, lakini salamu hakuna.

Katika wasifu rasmi hayo yote yanaitwa "changamoto za mawasiliano." Sentensi yake niliiweka, ilirudi imekatwa. Ofisi itamzawadia saa ya ukutani. Yeye hakuomba zawadi. Aliomba sentensi ile isomwe mbele ya mjane, ambaye baada ya kubembelezwa sana amekubali kuja, akae nyuma karibu na mlango. Haitasomwa. Akiondoka bila kuisikia, hatarudi tena.

Mama Tazama, asante kwa mikono yako. Tunakuombea asubuhi zisizo na haraka, afya, na jirani atakayeitikia hodi yako.

Sasa wewe msomaji. Mimi nikisimama peke yangu nitaambiwa nalipwa, kama alivyosema marehemu. Anatakiwa yule bibi wa fimbo: naye aliona sindano ya kweli, na halipwi na mtu. Alihamia kwa mwanawe fundi viatu, wapi sijui. Ukimjua, usipige simu ya ofisi, maana inapokelewa na afisa habari. Njoo dirisha la mapokezi kabla ya Ijumaa, uniulize chumba cha chanjo kiko wapi. Mkuu akiwa karibu, nitakuelekeza kama mgeni; wewe nenda ukakae kwenye benchi la nje, nami nitakufuata. Ukichelewa, mlete bibi moja kwa moja ukumbini. Nitamwekea kiti nyuma, karibu na mlango.