Fumbo la Mwisho la Mzee Yekutieli

Inatangazwa kwa Wayahudi wote wa Mantova, wakubwa kwa wadogo, kwamba kile kiti chenye mguu mbovu kilichoko ofisini kando ya jiko kitakuwa wazi kuanzia Jumapili ya kwanza baada ya sikukuu ya Hanuka. Aliyekikalia kwa miaka thelathini na saba, Mzee Yekutieli Revere, mshairi wa jumuiya, anastaafu. Mrithi wake ni mimi. Maharusi wavumilie.

Mzee Yekutieli aliajiriwa akiwa kijana mwenye nywele. Alitunga kwa Kiebrania kila kilichohitaji kutungwa: mashairi ya arusi, ya tohara, ya mawe ya makaburi, na moja la kumshukuru mtawala kwa kutotufukuza mwaka ule. Hakuchelewesha kazi, isipokuwa ya makaburi, ambako wahusika hawakulalamika. Bi Allegra, mjane, alisomewa maneno ya jiwe la mumewe akauliza, "Mzee, huyu uliyemwandika hapa ni nani? Ningemjua mapema ningeishi naye vizuri."

Lakini kilichomjengea jina ni mafumbo. Kwetu arusi haijawa arusi mpaka wageni wapewe fumbo la kishairi wakae walibishanie. Anayelifumbua hupewa zawadi. Wakishindwa wote, mshairi husimama akatoa jibu. Mafumbo ya Mzee Yekutieli yalifumbuliwa daima kati ya supu na bata bukini. Wapishi walimtegemea.

Ikaja arusi ya binti wa Bwana Simha, muuza hariri, mwezi uliopita. Fumbo likatolewa. Supu ikaisha. Bata bukini akapoa. Marabi wawili hawasemezani mpaka leo: mmoja alishikilia kuwa ni mwezi, mwenzake kitunguu.

"Mzee, tumeshindwa!" akapaza sauti Bwana Simha. "Toa jibu, watu wapate kula!"

Mzee Yekutieli akasimama, akatazama upande wa wanawake, akasema, "Nimelisahau." Akaketi.

"Umelisahau? Jibu la fumbo lako mwenyewe?"

Ukumbi mzima ukacheka. Kesho yake akarudisha ufunguo wa ofisi.

Kamati ya jumuiya imeniagiza niandike kwamba anaondoka kwa sababu ya macho. Macho yake ni mazima. Juzi aliona kosa katika shairi langu akiwa bado mlangoni.

Ukweli ni huu, na ameniruhusu niuseme. Nilimfuata nyumbani kwa sababu Bwana Simha alikuwa anadai jibu, akisema arusi ya mwanawe imefanyiwa mzaha.

"Halina jibu, ndugu yangu," Mzee akaniambia. "Mimi nilikuwa natunga mistari tu. Diamante ananisikiliza huku anakoroga supu, mwishowe anasema, 'Ah, hiyo taa hiyo,' au, 'Umenena kioo.' Basi, jibu ndilo hilo."

Diamante, mkewe, alifariki baada ya Pasaka. Lile lilikuwa fumbo la kwanza kutungwa bila yeye. Mzee alilipeleka arusini akitumaini kwamba mgeni mmojawapo angemwambia ni nini.

Ameomba jambo moja tu: jina la Diamante liandikwe hapa, kwa kuwa halikuwahi kuandikwa chini ya shairi lolote. Limeandikwa.

Mzee Yekutieli, asante kwa kazi, na siku zako zijazo ziwe za heri. Ijumaa jioni utakula kwetu. Mke wangu si mwepesi wa mafumbo, lakini supu yake huchelewa kuchemka, na muda wa kukusikiliza anao.