Kibla cha Bi Najiat

Kijiwe chetu kiko nje ya duka langu la cherehani, njia ya kwenda stesheni, na benchi lenyewe ni taruma, lile gogo la chini ya reli ya zamani, ambalo Ngollo anaapa alipewa siku anastaafu. Nani alimpa, hatuulizi, maana sote tunalikalia. Kahawa inafika baada ya alasiri pamoja na kashata zake, na mabishano yanakuwa yameshafika zamani. Mimi wananiita Spika kwa kuwa nanyamazisha watu, ingawa hakuna anayenyamaza. Ngollo ndiye Reli, Msukuma na Mmoraviani wa kuzaliwa ambaye hakosi futari yetu hata moja. Masele, fundi simu, ni Satelaiti. Mzee Mabruki ni Kamati, kwa sababu msikitini kwetu hakijawahi kukaa kikao asiwemo. Siku hiyo tulikuwa tumetulia kabisa, raha mustarehe, mpaka akaja Adinani muuza asali. Wiki ile ile tulikuwa tumemzika mama yake, Bi Najiat. Akakaa, akakataa kahawa, halafu akasema neno lililonifanya niondoe mguu kwenye cherehani.

— Mzee Mabruki, nimekuja kuomba ruhusa ya kumfukua mama.

— Astaghfirullah! Umepatwa na nini, mwanangu?

— Hajaelekea kibla.

Kamati aliweka kikombe chini. Kaburi lile alilipima yeye mwenyewe kwa kamba, akifuata safu ya makaburi ya zamani, kama alivyofanya baba yake.

— Nani kasema?

— Simu.

Adinani akaeleza. Ijumaa alikwenda makaburini kumsomea mama yake Yasini. Msahafu wake uko kwenye simu, na aplikesheni hiyo hiyo ina alama ya Kaaba. Kidole kikagusa. Mshale ukazunguka, ukasimama, na haukusimama pale tulipomwelekeza mama yake. Ulikwenda pembeni, upande wa kulia.

— Pembeni kiasi gani? nikauliza.

— Kama alipaswa kuniangalia mimi, basi anamwangalia Reli.

Walikuwa wamekaa bega kwa bega. Reli akajisogeza kidogo, nadhani kwa heshima.

— Samahani, nyie wenzangu, Reli akasema. Mimi ni mgeni kwenye haya. Kwani maiti lazima aelekee?

— Analazwa ubavu wa kulia, uso uelekee Makka, Kamati akamjibu. Ndivyo tunavyowalaza wetu.

— Sheikh umemuuliza? nikamwuliza Adinani.

— Nimemuuliza. Kasema kuelekea upande ule kunatosha, tofauti ndogo haidhuru, nimwache mama apumzike. Masikio yamesikia, Spika. Moyo ndio haujasikia. Usiku nafumba macho namwona mama kaelekezwa siko, na hana wa kumgeuza.

Hapo nilitaka tunyamaze kidogo. Lakini kijiwe kikishapewa tatizo kinalirukia.

— Tatizo ni chuma, akasema Reli. Dira inapenda chuma. Tangu wameanza kutandika reli mpya, kila dira ya Tabora inavutwa. Simu yako, ndugu yangu, ilikuwa inaelekea stesheni.

— Acha zako, mzee! Satelaiti akadakia. Hii haitegemei chuma. Inaongea na mitambo iliyoko angani. Kule juu wanakuona mpaka kipara chako.

— Waone tu, sikifichi.

— Adinani, lete simu. Hiki kifuniko kina sumaku... Aa, hakina. Basi simu iko sawa. Makosa ni ya kamba ya Mzee Kamati.

Kamati alisimama. Ana miaka sabini na kitu, lakini akisimama kwa hasira unamdhania kijana wa jeshi.

— Kamba yangu inafuata makaburi ya wazee. Makaburi ya wazee yanafuata msikiti. Unataka kusema msikiti umekosea?

— Mimi sijasema, mzee. Mshale ndio umesema.

— Msikiti ulielekezwa na watu waliotoka pwani kwa miguu, wewe! Bagamoyo mpaka hapa!

— Sasa si ndiyo hapo! Satelaiti akapiga goti lake. Pwani Makka iko juu moja kwa moja, kaskazini. Wao wamekuja magharibi miezi na miezi, kibla wakakibeba vile vile, wakakitua hapa bila kukigeuza. Sisi ilibidi tukate kidogo kulia.

Nikaona Kamati anawaza. Hiyo ni hatari, kwa sababu Kamati akiwaza lazima atoke na kitu.

— Hapana, akasema, akakaa polepole. Wazee hawakuwa wajinga. Nadhani ilikuwa hivi. Kila wakipiga kambi, kiongozi wa msafara alikuwa analaza mkuki wake chini, ncha ikielekea Makka, ili alfajiri watu wasipotee. Usiku wa kufika hapa, mpagazi mmoja kaamka kwenda kujisaidia, giza, mzigo wa vitambaa umemchosha, akaupiga mkuki teke. Asubuhi wakajenga msikiti.

— Yaani mji mzima umeelekezwa na mtu aliyekuwa anakwenda kukojoa? nikasema.

— Nimesema nadhani, Spika.

— Na huyo mpagazi bila shaka alikuwa Msukuma, akasema Satelaiti, akimtazama Reli.

— Mnyamwezi! Wapagazi wote walikuwa Wanyamwezi, nyie wenyewe! Reli akang'aka. Halafu akachukua chaki yangu, akachora Afrika kwenye ukuta wangu bila kuniomba. Ngojeni, akasema. Kama nyie mnaelekea juu moja kwa moja badala ya kukata kulia, mstari unapita hapa, unapita hapa... Mnaijua hii? Sudani. Jamani, poleni. Miaka yote mmeswali mkielekea Sudani.

Satelaiti alicheka mpaka kahawa ikamtoka puani. Hata Kamati mdomo ulimcheza, akauficha kwa kashata. Nami nilicheka, siwezi kukana. Kisha nikamwona Adinani. Alikuwa ameishika simu kwa mikono miwili, mshale unazunguka na kusimama, unazunguka na kusimama, na machozi yanadondoka kwenye kioo.

— Mnacheka, akasema. Kwangu mimi ni mama yangu.

Kicheko kikakatika. Nilijisikia vibaya sana.

Ndipo akaja mama mmoja. Mtu mzima kidogo, kajifunga vitenge viwili, rozari shingoni, kashika kopo la plastiki la bluu.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, mama. Karibu.

— Namtafuta Adinani wa asali. Sokoni wameniambia anakaa huku.

— Ndiye mimi.

— Pole na msiba, kaka yangu. Mimi naitwa Josepha, nimetoka Urambo. Nilikuwa hospitali ya Kitete namuuguza mama mkwe wangu, kitanda chake na cha mama yako vimepakana, ila saa za kuona wagonjwa nilikuwa natoka kupika, hatukuonana. Sisi tuliruhusiwa kwanza. Kwenye kukusanya vyombo nikabeba na kopo lake. Nimefika nyumbani ndiyo naliona. Leo nimekuja mjini, naambiwa mama amefariki.

Akamkabidhi lile kopo. Adinani alilijua, akalikumbatia.

— Alikuwa anatawadhia hili, akasema.

— Najua. Nilikuwa namwagia maji mimi. Nyie wanaume mkishatolewa saa za kuona wagonjwa zikiisha, tunabaki wanawake peke yetu. Mama alikuwa hawezi kugeuka. Ananiambia, Josepha mwanangu, nielekeze kibla. Nikamwambia mama, mimi Mkatoliki, nitajuaje? Akasema, popote utakaponielekeza wewe, nielekeze, saa inapita.

Tukawa tunamsikiliza yeye tu, hata muuza kahawa alikuwa amekaa juu ya ndoo yake.

— Nikamgeuza kwenye dirisha. Nilimwona anahema, nikasema angalau apate upepo. Akaswali. Tangu siku hiyo, kila sala, namgeuza dirishani, anaswali, akimaliza ananiombea dua na mimi na mama mkwe wangu. Sasa niliposikia amefariki, nimekosa amani. Zile ndizo zilikuwa sala zake za mwisho. Nikasema nikileta kopo nitauliza wenyewe wanaojua. Je, nilimwelekeza sawa?

Watu waliokuwa wanajua njia za misafara na mitambo ya angani wakaanza kuchungulia vikombe vyao. Satelaiti peke yake aliunyoosha mkono kwenye simu.

— Hilo ni swali dogo tu, mama. Lile dirisha la...

Nikamkanyaga mguu, na sikukanyaga kidogo. Lile dirisha sote tulikuwa tunalijua. Tulikwenda kumwona Bi Najiat jioni moja, na jua la kuzama lilitupiga usoni kupitia hapo hapo mpaka Kamati akaomba pazia. Magharibi kabisa. Makka haiko huko hata kwa kubahatisha.

Adinani naye alikuwepo jioni ile. Alimtazama yule mama, akaitazama simu, mshale bado unacheza. Halafu akaizima, akaiweka mfukoni.

— Ulimwelekeza sawa, dada yangu, akasema. Sawa kabisa.

— Kweli?

— Kweli. Mungu akulipe.

Josepha alijifuta macho kwa ncha ya kitenge.

— Basi na mimi leo nitalala.

Adinani alisogea, akamwachia nafasi kwenye taruma, akamwomba muuza kahawa vikombe viwili, kimoja cha mgeni na kimoja chake. Kilikuwa kikombe chake cha kwanza tangu mazishi. Kamati alikuwa anakohoa kikohozi cha uongo, akaniomba kitambaa, nikampa kipande cha suruali ya mteja.

— Adinani, akasema baadaye, ile ruhusa...

— Ruhusa gani, mzee? Mwacheni mama yangu apumzike.

Reli alinyanyuka, akafuta Afrika yote ukutani kwa kiganja chake, kuanzia Sudani.