Fundi Sikio na Dada Yake, Gia ya Nne

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti karibu na redio. Leo tunamkumbuka fundi wa magari ya zamani, yule ambaye wengi mlimwita Sikio. Fundi Sikio ametangulia. Mwenyewe angelicheka neno hilo. Kwenye gereji yake kutangulia lilikuwa kosa. Cheche ya plagi ikiwaka kabla ya wakati wake, injini inagonga, na yeye anasema, "Moto umetangulia." Ikichelewa, gari linakuwa zito, halipandi. Kazi yake ilikuwa kuiweka cheche mahali pake. Mafundi wanaiita kazi hiyo kuseti taimingi.

Wenzake walitumia taa ya kupimia. Sikio hakutaka taa. Aliwasha injini, akalegeza nati, akaishika distribyuta, kile kifaa kinachogawa cheche kwa plagi, kama mtu anayefungua kifuniko cha chupa, akaizungusha kidogo kidogo huku amefumba macho. Gereji nzima kimya. "Hapo," anasema, na kukaza nati. Mjane wake anatuambia: "Nyumbani nikimtuma, hasikii. Gari likipita barabarani, anajua linaumwa wapi."

Sasa, Sikio alikuwa na mdogo wake wa kike, mkunga. Mkunga huyu alikuwa na gari dogo la zamani, na kaka mtu ndiye aliyeliseti taimingi. Alipotoka nalo gereji, alipanda mlima wa kwenda zahanati. Likagonga, likatoa moshi, likazima. Pistoni ilikuwa imetoboka.

Gari lilirudishwa kwa kuvutwa. Sikio akamwakia dada yake mbele ya wateja. "Umepanda mlima na gia ya nne, gia ya tambarare! Injini umeiua wewe."

"Kaka, mbona lilikuwa linagonga tangu hapa mlangoni? Hukulisikia?"

Ukweli ndio huo, wasikilizaji wapendwa. Hakulisikia. Masikio yalikuwa yameanza kufa, naye alikuwa hajamwambia mtu. Dada alimtazama usoni, akaelewa. Wateja wamesimama pale pale, macho kodo. Wakijua kwamba Sikio hasikii, nani atamletea gari? Watoto watakula nini? Basi yule dada akainamisha kichwa. Akasema, "Samahani, kaka. Nitajifunza."

Jina likamganda. Gia ya Nne. Madereva walimpigia kelele barabarani: "Gia ya Nne, mlima umeuonaje leo?" Hata mama mmoja aliyekuwa na uchungu wa kuzaa, kitandani, alimuuliza kama kweli ni yeye. Alicheka nao wote.

Na kila Jumamosi alikwenda gereji, akakaa kwenye kiti kikuukuu cha gari, akijipepea na gazeti. Watu walidhani amekuja kuomba msamaha. Kumbe yule dada ndiye aliyekuwa akisikiliza! Kaka anazungusha distribyuta, jicho kwenye gazeti. Injini ikigonga, gazeti linasimama. Anairudisha nyuma kidogo. Gazeti likianza tena kupepea, anakaza nati. "Hapo," anasema, na wateja wanatikisa vichwa kwa mshangao. Ikifika zamu ya kulijaribu gari mlimani, anamwita kwa sauti watu wasikie: "Wewe, twende ukajifunze gia!"

Nilimuuliza mkunga kama hakuumia. Akaniambia: "Niliumia, nisikudanganye. Siku nyingine nilifika nyumbani nikalia. Lakini wazazi wetu walipofariki, kaka ndiye aliyenilea. Ukunga nimeusoma kwa pesa za gereji ile ile. Ningeifunga vipi kwa mdomo wangu?"

Ndivyo walivyokwenda, wasikilizaji wapendwa. Sikio aliyeshindwa kusikia, na dada aliyesikia kwa niaba yake. Fundi alifanya kazi mpaka ugonjwa wa moyo ulipomlaza. Na muda wote huo, hakumsafisha dada yake jina. Nasema wazi, hilo lilinikera nilipolisikia. Mtu unampenda, halafu unamwacha achekwe kwa kosa lako?

Kwa mjane, kwa watoto, na kwa mkunga wetu, poleni sana. Tumelia nanyi. Mwenyezi Mungu ampumzishe mahali pema. Nasi tuliobaki tujiulize, tena bila kuoneana haya: ni nani anayebeba lawama yetu, akicheka ili tusiaibike?

Kabla sijafunga, nina ujumbe niliopewa na mjane. Anasema siku za mwisho mumewe alimwita, akamwomba jambo lisemwe redioni. Mke akamjibu, "Si umwambie mwenyewe? Wifi yuko nje hapo mlangoni." Mgonjwa akakataa. Akasema, "Nilimtukana mbele ya watu. Isemwe mbele ya watu."

Basi nayasema kama alivyoyasema: "Injini niliiua mimi. Dada yangu alipanda na gia ya pili."