Mzee Revocatus Anatuachia Msumeno Ulio Kimya

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kukata miti bila kumzika hata mwenzetu mmoja, Mzee Revocatus Mhoja anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025. Ofisi imeniomba mimi Getruda, ninayerithi kikosi chake, niandike wasifu wa kuchangamsha. Nitajitahidi. Ila nisiwadanganye: wiki nzima hii ugali haushuki.

Mzee aliingia hapa karakana ya Nyakato mwaka 1994, kijana wa Kisesa, kazi yake kuburuta matawi. Miaka minne baadaye akakabidhiwa msumeno wa petroli, na tangu hapo sijui ni mtaa gani wa mji huu ambao hajaupunguzia mti. Ameangusha miti iliyoegemea nyaya, miti iliyokalia mapaa, na ule mkuyu wa ufukweni ambao hakuna aliyejua kuwa una nyuki tumboni. Siku hiyo kikosi kizima kiliingia ziwani na mabuti yake, Mzee akiwa wa kwanza.

Alikuwa na sikio la ajabu. Akiwa ng'ambo ya barabara angekwambia petroli inakaribia kwisha, mnyororo umekuwa butu, au Rahim, mkataji mwenzetu, anaharakisha kazi. Nasi tukajifunza kwake. Msumeno ukinguruma, kaa mbali. Ukinyamaza, sogea ufanye kazi yako. Tuliishi hivyo miaka mingi na ilitufaa.

Mwaka juzi ikaja misumeno ya betri. Jamani, tulicheka! Rahim akauliza kama tumeletewa mashine za kunyolea ndevu. Hakuna moshi, hakuna kuvuta kamba mpaka bega liume, na ukiachia swichi, kimya. Mzee peke yake hakucheka. Alikaa benchini asubuhi nzima akiuwasha mmoja na kuuachia, akiuwasha na kuuachia, kisha akatutangazia kwamba huu ndio utakaotukata. Masikio yetu yamezoea kuamini kwamba kimya ni usalama, alisema, lakini msumeno huu haujazimika, umenyamaza tu. Glovu ikibana swichi, mnyororo unakimbia papo hapo, vidole vyako vikiwa bado vipo juu yake.

Hapo ndipo ilipozaliwa sheria yake. Anayetaka kuugusa mnyororo, iwe kuukaza au kuutoa takataka, kwanza afunge breki, achomoe betri, ampe mwenzake aishike juu ili sote tuione. Mengine aliyarudia kila asubuhi mpaka tukayaota: kofia, miwani, glovu, suruali nzito ya kinga, usikate kwa ncha, maana msumeno utakurukia usoni, usiuinue kupita mabega, usikate ukiwa juu ya ngazi. Nyuma ya mgongo wake tulimwita Mzee Betri. Alijua, na siku nyingine aliitika.

Hakuna aliyesamehewa. Meneja wetu alipokuja kupiga picha na mashine mpya, Mzee alimwamkia kwa heshima zote, akamvua tai, akamvika kofia iliyomshuka mpaka puani, ndipo akampa msumeno. Meneja akabonyeza swichi weee, akalalamika kwamba kitu kipya kimeshaharibika. Betri ilikuwa juu, mkononi mwa Mzee. Picha ile ipo ukutani ofisini mpaka leo, na asiyecheka ndani yake ni mmoja tu, meneja mwenyewe.

Sasa niseme la moyoni. Jumatatu tunakwenda Buzuruga kuangusha mkaratusi ulioinamia nyumba za watu baada ya mvua za juzi, na mwenye kusema kata au acha nitakuwa mimi. Naogopa. Nilimsihi Mzee aongeze mwezi mmoja, akakataa. Nikamsihi aje asimame tu pembeni, akakataa pia, eti akiwepo tutamtazama yeye badala ya kutazama kazi. Nilimkasirikia, sifichi. Niliona ametutupa.

Alhamisi iliyopita tulikuwa tunapogoa miti karibu na ziwa. Wingu limetanda, nami nina haraka. Mnyororo ukalegea. Nikaachia swichi, nikainama, nikapeleka vidole. Betri ilikuwa ndani. Mimi! Mrithi wake! Mzee alikuwa nyuma yangu hatua moja, ananiona, na hakusema kitu. Aliyepiga kelele ni Suzana, anayetushikia kamba, mwanamke mpole ambaye tangu aajiriwe Januari hajawahi kunisemesha bila kutanguliza shikamoo. Safari hii shikamoo haikuwepo. Alinifokea jina langu na neno betri kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani.

Niliurudisha mkono, nikakaa kwenye majani na kulia mbele za watu. Ndipo nilipogundua kwamba mkono wa Mzee ulikuwa umeshanikamata ovaroli mgongoni, tayari kunivuta. Akaniambia wiki tatu zote alikuwa amejizuia kutukumbusha, akisubiri asikie nani atathubutu kumfokea mkubwa wake, na kwamba katika wiki hizo alilala kidogo kuliko mimi. Akamshukuru Suzana, akasema sasa anaweza kwenda nyumbani.

Mzee wetu, nilidhani umetutupa, kumbe ulikuwa unatupima ukiwa umetushika. Nisamehe. Asante kwa vidole vyetu vyote, na kwa watoto wetu wanaotusubiri jioni nyumbani. Mungu akupe afya, ng'ombe wako wa Kisesa wanenepe, na maisha ya kustaafu yakukalie vizuri.

Bado naogopa, na nitakwenda hivyohivyo. Usije Buzuruga. Jumatatu mti ukishalala chini nitakupigia simu, halafu nitampa Rahim, halafu Suzana, ili usikie sauti ya kila mmoja wetu.