Vibaraka wa Baroni Hawakai

Ndani ya tramu mjini Brussels, Godelieve alipakata kikapu chake cha viazi, akijifanya anatazama nje huku masikio yote yako kiti cha mbele. Hapo mzee Lambiotte, mchoraji wa katuni za Baroni Mwovu, alikuwa akigongagonga fimbo sakafuni na kumfokea msaidizi wake, mtu mzima mwenye mvi.

“Wasomaji wanalalamika! Eti kwa nini vibaraka wa Baroni wanamsaliti kila toleo?”

“Bosi, kila anayeleta habari mbaya unamtupa kwa mamba. Nani atakaa hapo?”

“Ulitaka awape keki?”

“Wape hata majina basi. Wewe unachora Baroni peke yake, mimi nachora jeshi zima.”

“Kibaraka jina la nini? Kwani jaladani kuna sahihi ya nani?”

Msaidizi akakwangua wino kuchani. Hata marehemu mume wangu alikuwa na afadhali, Godelieve akawaza, na yule alikuwa mkorofi kwelikweli.

Tramu ikasimama. Mzee akashuka bila kugeuka, mkoba wa michoro kamwachia msaidizi aubebe, kama siku zote. Msaidizi hakuinuka. Milango ikafungwa. Mzee akarudi mbio, akagonga kioo, akafungua mdomo amwite. Jina likagoma kuja.