Isale Haliwekwi Kiporo

Mama aliyeketi mbele yangu alikuwa akichambua maharage kwenye ungo, gari likishuka kutoka Marangu. Mzee wa pembeni yake, mwenye mkononi jani la isale, lile Wachaga huombea msamaha, alikunja uso kila shati lilipogusa ubavu.

“Shikamoo, baba,” mama alimwambia. “Huo upele wa ubavuni si mkanda wa jeshi?”

“Marahaba. Punguza sauti, watasema nina UKIMWI. Umetoka jana. Niligombana na mdogo wangu. Nikimpelekea isale akanisamehe, utakauka.”

“Msamaha ni mzuri, ila dawa ya hospitali huwahiwa. Mimi nilichelewa. Ngozi ilipona, maumivu yakabaki mwaka mzima. Na kumbe wazee tuna chanjo yake.”

“Chanjo ni ya watoto na ng'ombe. Ng'ombe wangu wote wamechanjwa.”

“Basi wamekuzidi bahati.”

Mzee alicheka, akajuta kucheka.

Tulipofika stendi ya Moshi, mama alifunika ungo. Maharage yaliyobaki alisema ni ya kesho.

“Mdogo wako naye yupo hata kesho. Nenda hospitali kwanza.”

“Isale haliwekwi kiporo, mama.”

“Wala huo mkanda.”

Dereva alizima gari. Sisi wengine tulishuka, mzee akabaki ameketi, akilitazama jani.